Mgeni asiyemtia mtu gharama

Swali lenu la wiki hii limeuliza ni desturi gani ya watu wa nchi nyingine ungetamani watu wa kwetu waichukue na kwa nini. Mimi ni mtu wa Tanga ila nimeolewa Argentina, tunaishi Rosario, mji ulio kando ya mto Paraná, kwa hiyo sina haja ya kuzunguka: natamani tuchukue namna Waargentina wanavyotembeleana. Wengi mkisikia Argentina mnawaza Messi, sawa, yeye ni mzaliwa wa hapahapa Rosario, lakini kitu kinachowaweka hawa watu pamoja kila siku ya Mungu ni kibuyu kidogo na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto.

Ndani ya hicho kibuyu kuna yerba mate, mi ntaiita yerba tu. Ni majani ya mti unaolimwa kaskazini mashariki kabisa ya nchi, mikoa ya Misiones na Corrientes, yanakaushwa yanasagwasagwa, yananywewa kwa maji ya moto kama chai. Waguaraní, wenyeji wa asili wa huko, walikuwa wanayatumia kabla Mhispania hajafika, baadaye mapadri Wajesuiti wakayalima kwenye misheni zao, na leo ukigawa kwa watu wote inakuja kama kilo 6 kwa kila mtu kwa mwaka, mpaka mwaka 2013 bunge likaitungia sheria yake ya kuitambua kama kinywaji cha taifa.

Sasa tazama mama mkwe wangu anavyoiandaa, maana utaratibu wenyewe ndio uzuri. Anajaza kibuyu kama robo tatu, anaziba mdomo wake kwa kiganja, anakipindua na kukitikisa ili vumbi lije juu, halafu anakilaza yerba iegemee upande mmoja kama mteremko. Pale chini anamwagia maji ya uvuguvugu kidogo, anaacha yanyonywe na yerba, ndio anachomeka mrija wa chuma wenye chujio chini, na mrija ukishakaa hakuna mtu kuukoroga, hilo ni kosa kabisa. Maji hayatakiwi kuchemka, birika likianza kulia tu anaepua, maana yaliyochemka yanaiunguza yerba na ladha inakwisha mapema. Cha kwanza kile kikali anakunywa mwenyewe, halafu anajaza anakupa wewe, unanyonya mpaka mrija ukorome, unamrudishia yeye, sio jirani yako, anajaza tena anampa anayefuata, hivyo hivyo duara linazunguka. Mwenye kumimina ni mmoja tu mpaka mwisho. Husemi asante ila ukishatosheka, ukisema asante zamu ijayo unarukwa. Na ukikishika kibuyu huku unapiga stori ndefu watakuambia hiyo sio maikrofoni, wenzio wanasubiri.

Kwa hiyo mtu akipita kwako saa kumi na moja jioni bila kupiga simu, hakuna wa kushtuka. Maji yanawekwa jikoni, kuna vibiskuti vya chumvi au mkate uliobaki wa asubuhi, basi. Hamna mtoto anayetumwa dukani mbio. Hamna mama aliyejifungia jikoni saa zima wakati mgeni wake kakaa peke yake sebuleni anaangalia tivii. Mwenye nyumba amekaa na mgeni tangu mwanzo mpaka mwisho kwa sababu kumimina ndio kazi yake, na kumimina kunafanyika palepale mezani.

Na hapa ndio sababu yangu. Sisi tumelelewa na ule wimbo wa mgeni siku ya kwanza mpe mchele na panza, na tumeushika kweli, ni jambo zuri sana, lakini mjini siku hizi naona linatuumiza. Mtu kipato chake hakieleweki, anasikia hodi moyo unamlipuka, soda hakuna, kuku hakuna, atamkaribishaje na chai kavu, watu watasemaje. Na mgeni naye anajua, kwa hiyo haji, au anapiga simu wiki nzima kabla, au anasubiri msiba na harusi. Nina shangazi yangu Tanga mjini na dada yake yuko Pongwe, daladala moja tu, wanakaa miezi hawajaonana, na ukimuuliza anasema siwezi kwenda mikono mitupu. Inaniuma sana hii, ni watu wanaopendana.

Msidhani Waargentina wana hela ndio maana wanaweza. Mwaka 2023 bei za vitu zilipanda zaidi ya asilimia 200 ndani ya mwaka mmoja, yaani bei ya leo kesho sio hiyo, nyumba nyingi nyama ilipungua mezani, na hawa ni watu ambao Jumapili bila nyama ya kuchoma haijawa Jumapili. Lakini kutembeleana hakukufa. Jioni ukishuka kando ya mto utawaona wazee kwa vijana wamekaa na viti vyao vya kukunja, chupa ya chai kwapani, wanafunzi wanakunywa huku wanasoma, dereva akisimama sheli anakuta mashine ya maji ya moto kwa ajili ya chupa yake.

Hata mwisho wa mwezi wana lao. Tarehe 29 familia nyingi zinakula ñoquis, ni vidonge vya viazi na unga wa ngano, chakula cha Wataliano waliohamia huku kwa wingi kuanzia karne ya 19, na chini ya sahani unaweka noti ili mwezi ujao uje na riziki. Ukitazama tarehe unaelewa, mshahara umekata, viazi na unga ndio vilivyobaki, na wao wameifanya siku ya kualikana badala ya siku ya kujificha.

Ile nyama ya Jumapili yenyewe, asado, mi sina haraka ya kuisifia yote. Ni tamu, chumvi ya mawe tu na moto wa taratibu masaa mawili matatu, na baada ya kula watu wanabaki mezani mpaka magharibi wanaongea, hapo napapenda. Ila mchomaji karibu kila mara ni mwanaume, na desturi ni kumpigia makofi, wakati saladi na vyombo vinabaki kwa wanawake bila makofi yoyote. Hiyo tuwaachie wenyewe. Na kwenye yerba pia kuna la kusikitisha: wavunaji kule Misiones wanalipwa kwa uzito wa walichokata, wanabeba mafurushi mazito mabegani, na wengi wanaishi maisha magumu mno kwa kitu ambacho taifa zima linakinywa kwa furaha.

Najua wengine mnawaza mrija mmoja midomo kumi. Ni wasiwasi wa haki, mwaka 2020 korona ilipoingia serikali yenyewe iliwaambia kila mtu awe na kibuyu chake, na wapo ambao hawajarudi kwenye kuchangia mpaka leo. Sisemi tuchukue mrija, wala hatuhitaji yerba. Tayari tuna kahawa chungu na kashata pale barazani, tatizo ni kwamba baraza ile ni ya wanaume, mama na mabinti wako ndani. Huku kwenye duara yumo bibi, yumo kijana wa miaka 16, yumo mkwe kama mimi, na kibuyu kinamfikia kila mmoja kwa zamu yake.

Kwa hiyo ninachotamani ni kidogo sana: chupa moja ya chai ya tangawizi, vikombe, kama kuna muhogo wa kuchemsha uje kama haupo basi, mwenye nyumba akae chini amimine mwenyewe mpaka chupa iishe, na shangazi yangu apande daladala aende Pongwe mikono mitupu.