Usiende kusukwa hio Jumamosi (kwa jamaa wa Nakuru anayefuga nywele)

Wee jamaa, usiende. Nimesoma uzi wako nikafikiri macho yananidanganya, nikarudia: nywele imefika inchi nne, haisimami wala hailali, kinyozi wako anataka kukupaka teksturaiza "ilainike kidogo", alafu siku hio hio dada wa saluni ya jirani akusuke matuta na brada (zile nywele bandia) ya kuongeza ati ndo ikue haraka. Alafu unauliza bei, saluni poa pande za Section 58, mafuta ya kupaka, na bosi utamwambia nini. Wachana na bosi kwanza.

Mimi niko Kisumu na hio njia nimeipita yote, alama yake ninaibeba hapa mbele ya kichwa. Unaona kwa profaili nimevaa kofia? Si swaga.

Huyo kinyozi kwanza. Teksturaiza ni rilaksa ile ile wanapakwa akina mama, tofauti ni kwamba inaoshwa mapema. Inavunja vile viungo vya ndani vinavyoupa unywele msokoto, na vikishavunjika havirudi, hio sehemu inabaki dhaifu mpaka siku utaikata. Sasa kinachoota chini kinakuja na kipilipili chake kama kawaida, na pale kipilipili kinakutana na kilicholainishwa ndo panakatika. Mimi niliambiwa ni kidogo tu, haina madhara, ukiosha osha itatoka. Ilitoka kweli, na nywele ikaifuata.

Hio peke yake ningesamehe, maana nywele ikikatika inaota. Kilichonimaliza ni kiti cha pili. Saluni ilikua Kondele, jina naliacha, na msusi alikua na mkono mwepesi, watu wanampangia foleni hadi nje. Akanishika hapa panjani, akachomeka kile kitana cha mkia, akakusanya hadi zile nywele fupi fupi za pembeni ambazo hazijawahi kumkosea mtu, akavuta, akafungia brada. Nikasikia nyusi zinapanda zenyewe. Kwa kioo uso umeshtuka na hakuna kitu kimenishtua. Nikamwambia dada, inauma. Si akaita wenzake, kujeni muone mwanaume analia! "Vumilia baba, mvumilivu hula mbivu. Isipouma haijashika." Na mimi kwa vile kulikua na warembo kwa benchi wakingoja zamu yao, nikakaza uso nikanyamaza. Omera, nilinyamaza hadi mstari wa mwisho, hadi akachovya ncha kwa maji moto, hadi nikamlipa na nikamwachia chenji. Mbivu zenyewe bado nazingoja.

Usiku sikuweza kulaza kichwa, nililala nimekaa kwa kochi. Asubuhi vipele vidogo vyeupe vimejipanga kwa laini yote ya mbele, kila kimoja pale tuta linaanzia. Nikampigia. Akasema ni joto ya Kisumu. Joto! Kwani hilo joto lilijua kuchagua mahali yeye alivuta? Akanishauri nipake kitu ya kupoza na nimeze dawa ya maumivu, sasa fikiria staili ya nywele inakuja na dozi, na bado sikuelewa. Tena zikaanza kulegea nikarudi mwenyewe na miguu yangu, akafumua zile za mbele pekee, akazisuka upya, akavuta pale pale palikua pamevimba.

Siku ya kufumua kichwa chote nilitoa furushi la nywele. Hapo ujue kitu moja ndo usipatwe na presha siku yako: mtu hupoteza kama nywele 50 hadi 100 kila siku, zikiwa zimesukwa hazina pa kuangukia, kwa hivyo utazipata zote pamoja. Na mimi ndo nilijituliza hivyo. Lakini panjani haikua hio hesabu. Palibaki ngozi tupu inang'aa, na mbele yake kamstari ka vinywele ambavyo viliponea kwa sababu vilikua vifupi sana kushikika. Daktari wa ngozi aliangalia na kalenzi kake, akaniuliza swali moja tu, nani anakusuka. Akanieleza mzizi ukivutwa kila saa unavimba, ukiacha mapema nywele inarudi, ukiendelea pale panageuka kovu na kwa kovu hakuoti kitu. Kushoto ilirudi. Kulia ni ploti tupu mpaka leo, imebaki tu kuwekwa bikoni.

Alafu kuna hawa wa video, "urefu huu ni miezi mitatu tu". Waongo wakubwa. Nywele inakua karibu sentimita moja kwa mwezi, yetu mara nyingi hata chini ya hapo kidogo, na brada haina vile itaisukuma itoke kichwani. Yako inakua sai, ni vile msokoto unaificha. Lowesha unywele mmoja, uvute kando ya rula, utajua una nywele kuliko ulivyokua unafikiri na pengine utatulia.

Shida ni kwamba mwanaume akifuga nywele hana mwenyewe. Kinyozi anaona kichwa chenye hakijanyolewa, mkono unamuwasha, atakwambia nikuwekee tu shepu na ukiinuka laini ya mbele imerudi nyuma. Ukivuka uende kwa msusi naye anakuona mteja mwenye hatarudi, anakukazia ikae wiki nyingi upate thamani ya pesa yako. Hakuna mwenye anakuuliza unataka kufika wapi. Mwenye nimepata sai ni mama mmoja karibu na soko ya Kibuye, na siku ya kwanza hakushika kitana kabisa, aliuliza nalalia nini, naosha na nini, nataka ifike mabegani ama dredi. Akakata ncha zilizoharibika na makasi, si mashine. Akanisuka mistari minene, ya nywele yangu tupu bila brada, na zile fupi za mbele akaziacha nje zijikalie. Nikikunja uso anasimama, anauliza hapo? analegeza. Tena kuna siku alinifukuza, akasema hii wiki sisuki, wacha kichwa kipumue, na hakunilipisha kitu. Kijana mwingine alikuja akitaka teksturaiza na matuta siku moja, akamwambia achague moja, na akichagua dawa asirudi kusukwa kabla ya wiki mbili kuisha.

Kwa hivyo shika hii, zingine sahau: ikiuma, inuka. Usingoje amalize mstari. Afumue hapo hapo, hata kama kichwa ni nusu, hata kama umeshatuma M-Pesa, hata kama saluni nzima inacheka. Na usingoje hadi machozi, pandisha nyusi ukijiangalia kwa kioo, ukiona ngozi imejivuta imesimama vinundu vinundu kwa mizizi, hio imebanwa, mwambie alegeze. Akikujibu "itazoea", chukua kofia yako. Nywele haizoeangi, inang'oka.

Eh, mafuta. Paka yenye uko nayo, mimi mafuta nimenunua za kila rangi na ile ploti haijaota hata nyasi. Saluni za Nakuru sizijui, lakini ukiingia yoyote angalia kwanza panja za msusi mwenyewe, zikiwa zimeisha utazamie nini. Wenye mko hapo Nakuru na mnajua mtu anashika vichwa vya wanaume pole pole mwambieni jamaa. Na kama ulishalipa diposite ya Jumamosi iache iende, wapigie leo leo kabla hawajakuchanganyia hio dawa.