Maswali ya Wasomaji: Kikokotoo cha Grafu na Lugha ya Kuandikia Programu

Swali: Salaam wahariri. Nina kikokotoo cha Texas Instruments, TI-84 Plus CE, na nataka kuandika programu ya kutatua mlinganyo wa kipeo cha pili. Wenzangu wananiambia TI-BASIC, lugha iliyomo kwenye kikokotoo chenyewe, ni ya watoto, nijifunze Python au C moja kwa moja. Nianze na ipi?

Jibu: Angalia kwanza jina lililoandikwa kwenye uso wa kikokotoo. Kama halina neno "Python", mjadala wa Python umekwisha. CE yenye Python ina prosesa ya pili ndani yake inayoendesha lugha hiyo peke yake, na sasisho la mfumo haliwezi kukuongezea kifaa ambacho hakimo. Unabaki na TI-BASIC na C, na kwa kazi uliyoitaja TI-BASIC inatosha na kubaki. Unaiandika palepale kwenye kikokotoo, huhitaji kompyuta wala kebo. Bonyeza PRGM, nenda NEW, ipe jina, kisha:

```
Prompt A,B,C
B²-4AC→D
If D<0
Then
Disp "HAKUNA HALISI"
Stop
End
Disp (-B+√(D))/(2A)
Disp (-B-√(D))/(2A)
```

Wanaoanza hukwama mahali pawili. Pa kwanza ni alama ya hasi. Ile ya mbele ya B hutoka kwenye kitufe cha (-) kilicho kando ya ENTER, si kitufe cha kutoa. Ukivichanganya utapata ERR:SYNTAX, na kwenye skrini alama hizo mbili zinakaribia kufanana, hivyo unaweza kuukodolea macho mstari huo usione kosa. Pa pili ni mabano ya (2A). Ukiyaacha, kikokotoo kitagawanya kwa 2 halafu kizidishe kwa A. Hapo hakuna ujumbe wa kosa unaotokea, unapewa tu majibu yasiyo sahihi kila A isipokuwa 1 au -1. Ndiyo maana programu yoyote ya hesabu ijaribiwe kwanza kwa mlinganyo ambao majibu yake unayajua. Weka A=2, B=-10, C=12; lazima ikupe 3 na 2.

Jambo jingine: maneno kama Prompt, Disp na If hayaandikwi herufi kwa herufi. Yanachukuliwa kwenye menyu za kitufe cha PRGM ukiwa ndani ya programu, kwa sababu kikokotoo hukihesabu kila kimoja kuwa alama moja. Ukiandika D-I-S-P kwa ALPHA, kitaona vigeu vinne vinavyozidishwa.

C iache kwanza. Tutaigusa kwenye swali linalofuata.

Swali: Nimeandika mchezo kwa TI-BASIC kwenye TI-84 Plus ya skrini nyeusi na nyeupe. Unaenda polepole mno, na baada ya dakika kadhaa unasimama na kuandika ERR:MEMORY ingawa programu yenyewe ni ndogo. Je, nihamie asembli, lugha iliyo karibu kabisa na ya mashine?

Jibu: Usihame bado. Hiyo ERR:MEMORY karibu kila mara husababishwa na Goto, amri ya kurukia sehemu nyingine ya programu. Kila unapoingia ndani ya For(, While, Repeat au If yenye Then, kikokotoo huweka kumbukumbu kwamba kuna End inayosubiriwa. Ukiruka nje kwa Goto kabla ya kuifikia End, kumbukumbu hiyo haifutwi. Mchezo unaoruka hivyo kila hatua hula RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kidogo kidogo, na RAM uliyo nayo ni kilobaiti 24 tu. Dawa ni kuufunga mchezo wote ndani ya Repeat moja na kuacha sharti lake ndilo liamue mwisho.

Goto hiyohiyo inachangia pia mchezo kwenda polepole. Kila inapoitwa, kikokotoo huanza kuitafuta Lbl (alama ya mahali pa kurukia) kutoka mstari wa kwanza wa programu. Lbl iliyo mwishoni mwa programu ndefu hugharimu muda kila mzunguko.

Halafu kuna kasoro ya mfumo wenyewe ambayo wengi hawaijui. Tazama:

```
For(K,1,1000
If K=A
Disp "X"
End
```

TI-BASIC inakuruhusu kuacha mabano ya kufunga, na watu huyaacha ili kuokoa baiti moja. Lakini ndani ya For( isiyofungwa, If isiyo na Then ambayo sharti lake si kweli huchukua muda mrefu kupita kiasi. Andika For(K,1,1000) na tofauti utaiona kwa macho.

Ukishayasafisha hayo yote na mchezo bado unakokota miguu, basi umefika mwisho wa TI-BASIC. Lugha hiyo husomwa amri kwa amri programu ikiwa inakimbia, juu ya prosesa ya Z80 ya megahezi 15. Hatua inayofuata kwa mashine yako ni lugha ya Axe, ambayo unaiandika palepale kwenye kikokotoo kwa alama zinazofanana na za TI-BASIC, kisha inageuzwa kuwa msimbo wa mashine. Bei yake ni kwamba hakuna anayekulinda. Kosa moja la kuandika nje ya eneo lako la kumbukumbu na RAM yote inafutwa, pamoja na programu uliyokuwa ukiihariri. Kabla ya kila jaribio, hamishia nakala kwenye Archive: 2nd, kisha +, kisha 5. Kilichomo humo kwa kawaida hunusurika.

Wenye CE ya rangi wao waende C. Kuna kompaila nzuri (programu inayogeuza C kuwa msimbo wa mashine) inayotumika kwenye kompyuta, lakini jihadharini na mambo matatu. Mosi, int (aina ya namba nzima) huko ni biti 24, haifiki zaidi ya 8,388,607. Msimbo ulioazimwa kutoka kompyuta ya kawaida huharibika kimyakimya hapo. Pili, programu inayotumia maktaba za michoro haiendi mpaka faili la clibs, lenye maktaba hizo, nalo lihamishiwe kwenye kikokotoo. Tatu, kuanzia mfumo wa 5.5 Texas Instruments waliondoa njia ya kuendesha programu za mashine, zikiwemo za C, na inabidi kutumia ufunguzi usio rasmi. Toleo lako utaliona kwa 2nd, +, 1. Likiwa chini ya hapo, usikubali kusasisha bila sababu.

Swali: Python ya Casio fx-CG50 yangu haichori kitu. Programu inakimbia hadi mwisho, hakuna kosa, na skrini ni tupu. Pia nimetafuta amri ya kusoma vitufe nikakosa.

Jibu: Moduli ya casioplot huchorea kwanza kwenye kumbukumbu, na skrini haibadiliki mpaka uite show_screen():

```
from casioplot import *
for x in range(384):
    set_pixel(x, 96, (255,0,0))
show_screen()
```

Iite baada ya kitanzi, si ndani yake. Ukiiweka ndani, skrini nzima itachorwa upya mara 384 kwa ajili ya mstari mmoja mwekundu.

Kuhusu vitufe, hukukosea kutafuta. Haimo. Python ya fx-CG50 inakupa input() tu, nayo husimamisha programu mpaka mtu abonyeze EXE. Kwa hiyo mahesabu na michoro fanya kwa Python, lakini mchezo wowote unaoendeshwa kwa mishale uandike kwa Basic ya Casio, yenye Getkey. Mshale wa juu ni 28, wa chini 37, wa kushoto 38, wa kulia 27, na EXE ni 31.

Swali: Sijanunua bado. Lengo langu ni kujifunza Python tu. Ninunue kipi?

Jibu: NumWorks. Python yake imo tangu kikokotoo kilipotoka mwaka 2017, inachora kwa moduli ya kandinsky, inasoma vitufe kwa moduli ya ion, na turtle imo pia. Kumbuka tu kwamba input() hurudisha maandishi, hivyo andika float(input("a=")) la sivyo hesabu itakataa. Kumbukumbu ni finyu: orodha ya maelfu ya namba inaweza kukuletea MemoryError kwa msimbo ambao kwenye kompyuta hausumbui.

CE ya Python ni chaguo la pili. Uzuri wake ni kwamba recall_list("1") kutoka ti_system inachukua data iliyo kwenye L1, orodha ya kwanza ya kikokotoo, ukaendelea nayo kwa Python. Ubaya ni michoro: amri inasafiri kati ya prosesa mbili, na kasi unaipoteza njiani.

Swali: Nikiwasha hali ya mtihani, programu zangu zitafutika?

Jibu: NumWorks hufuta skripti zako. TI-84 Plus CE huzizima, na huzirudisha ukikiunganisha na kompyuta au kikokotoo kingine baada ya mtihani. Casio huzificha na kuzirejesha unapotoka, ila chochote ulichoandika ukiwa ndani ya hali hiyo hupotea. Vyovyote iwavyo, nakili kila kitu kwenye kompyuta usiku wa kuamkia mtihani, si asubuhi mlangoni.