Dhahabu ya Kaisari katika Udongo wa Uingereza

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba sarafu za dhahabu za Dola ya Bizanti zimefukuliwa Uingereza. Je, huo ni ushahidi kwamba wafanyabiashara wa Konstantinopoli, mji mkuu wa dola hiyo, walifika huko?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, wafanyabiashara wa Mediterania walifika, lakini upande wa magharibi: vigae vya mitungi yao ya mvinyo na mafuta vimeokotwa Tintagel, Cornwall. Sarafu unazozitaja zinapatikana zaidi mashariki na kusini-mashariki, nazo zilipita kwanza mikononi mwa Wafranki, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa.

Makaisari wa Bizanti walikuwa na desturi ya kuwalipa wafalme wa mbali ili wawapiganie. Gregory wa Tours, askofu na mwandishi wa historia ya Wafranki, ameandika kwamba Kaisari Maurice alimpa Mfalme Childebert wa Wafranki solidusi 50,000, yaani sarafu za dhahabu za Bizanti, ili awafukuze watu wa kabila la Walombardi kutoka Italia. Solidusi moja ilikuwa na uzito wa gramu 4.5 hivi, na Wafranki wenyewe walizoea kupiga tremisi, sarafu ndogo yenye thamani ya theluthi yake. Ndiyo maana hazina ya Norfolk magharibi, jimbo la mashariki mwa Uingereza, iliyotangazwa mwaka 2021, yenye sarafu 131 zilizofukiwa karibu na mwaka 600, imejaa tremisi za Kifranki, na solidusi za Bizanti humo ni tisa tu.

Sarafu hizo zikishafika Uingereza, hazikutumika sokoni kama sisi tutumiavyo shilingi. Dhahabu ilipimwa kwa mizani, ama sarafu ilitiwa kitanzi ikavaliwa shingoni, kama zile zilizopatikana penye kanisa la Mtakatifu Martin, Canterbury. Kwa maoni yangu, matumizi haya ya pili ndiyo yanayotufunulia zaidi mioyo ya watu wale. Tazama msalaba wa Wilton, uliotoka Norfolk na sasa umo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza: ni msalaba mdogo wa dhahabu uliojazwa vito vyekundu vya ganeti, na katikati yake imepachikwa solidusi ya Kaisari Heraclius. Sonara hakuiweka sura ya Kaisari mbele, bali upande wa pili, wenye msalaba juu ya ngazi, tena akaupachika kichwa chini miguu juu. Anayemtazama mvaaji anauona umepinduka. Mvaaji mwenyewe, akiinamisha macho na kuuinua kwa vidole, anauona umesimama wima.