Jibu: Boti ya zamani ya kabureta kula lita 30 kwa saa

Mkuu, unasema injini yako ya V8 (silinda nane) ya lita 5.7 inakula lita 30 za petroli kwa saa ukivuta mchezaji wa weikibodi (ubao wa kuteleza majini nyuma ya boti), na unauliza kama kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, imekufa. Si lazima. Ulikuwa umejaza ile mifuko ya maji ya kuongeza uzito wa boti? Boti ikilemewa ili wimbi liwe kubwa, lita 30 hazishangazi. Bila uzito huo ningetarajia 15 hadi 23 hivi.

Kama mifuko ilikuwa mitupu, fungua plagi. Zikiwa na masizi makavu meusi, petroli imezidi kwenye mchanganyiko. Mimi huanza na choki, inayopunguza hewa wakati injini ni baridi: injini ikishapata moto, kile kibati cha mdomoni mwa kabureta kinatakiwa kisimame wima kabisa. Kikibaki nusu, mwizi ndiye huyo. Kisha, injini ikiwa imezimwa, chungulia ndani ya kabureta kwa tochi. Petroli ikiendelea kudondoka, sindano ya boya, inayozuia petroli kuingia kabureta ikijaa, haifungi. Usiwashe tena hadi utengeneze na feni itoe mvuke wote chumba cha injini, maana mvuke huo hulipuka.

Propela iliyopinda nayo hula mafuta, ila hiyo utaisikia kwa mtetemo.