Bahari haimchoshi mvuvi, hesabu ndiyo inayomchosha

Wasomaji wa pwani ya Kenya wameuliza kuhusu kuridhika na kazi ya uvuvi mdogo. Tunajibu moja moja.

Mwanangu kila siku analalamikia uvuvi, lakini nikimtafutia kazi ya ulinzi hotelini hataki. Kwa nini? (Mama, Msambweni)

Mama, mtu hulalamikia kazi anayoipenda. Mwanaanthropolojia Richard Pollnac, aliyewachunguza wavuvi kwa miaka mingi, alitenga kipato na usalama upande mmoja, na utamu wa kazi yenyewe upande mwingine. Mlinzi hupangiwa zamu. Mvuvi huangalia mwezi na upepo akaamua mwenyewe. Anayejua kutega lema, ule mtego wa kusuka wa samaki, juu ya mwamba asiouona ana ujuzi ambao getini haumfai kitu. Usimwulize ataacha lini, muulize kinachomkera ni nini.

Tuko watano chomboni. Mwenye chombo hutupa anachotaka, akisema gharama zimekula. Tujuaje haki yetu? (Baharia, Gazi)

Mgawo hutofautiana bandari na bandari, ila njia ya hesabu ni moja: toa gharama za safari, kisha gawa kinachobaki kwa mafungu. Chukua mfano huu. Mauzo ni shilingi 13,000, petroli, barafu na chambo 4,000, zimebaki 9,000. Mkikubaliana mafungu 9, chombo kinapata 1, mashine 1, nyavu 1, nahodha 2, na mabaharia wanne 1 kila mmoja. Fungu ni shilingi 1,000.

Hapa ndipo mambo huharibika: mashine ikiharibika, tajiri, yaani mwenye chombo, hukata pesa za plagi na fundi kwenye gharama za safari, ilhali mashine imeshapewa fungu lake. Baharia ameilipia mara mbili. Kubalianeni kabla ya kutoka kwamba matengenezo yanatoka kwenye fungu la mashine. Samaki wakipimwa, baharia mmoja asimame kwenye mizani na kuandika kilo na bei kwenye daftari papo hapo, wala si jioni kwa kukumbuka. Mzozo ukibaki, upelekeni BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, ya bandari yenu pamoja na daftari hilo.

Tajiri alinikopesha nyavu, hatozi riba, ila lazima nimuuzie yeye. Nimepata nafuu? (Mvuvi, Vanga)

Riba ipo, imejificha kwenye bei. Tuseme mnadani kilo ni 350 na yeye anachukua kwa 280: unamwachia shilingi 70 kwa kila kilo. Kwa kilo 20 kwa siku, siku 20 za kazi, hiyo ni 28,000 kwa mwezi, na deni la nyavu bado liko pale pale. Mwombe mambo mawili: bei iwe ya mnada wa siku hiyo, na deni likatwe kiasi kinachojulikana kila safari, kiandikwe, mpaka liishe. Akikataa kuandika, ujue hana haja deni liishe.

Lema langu linanasa vitoto vya samaki aina ya tafi, mama karanga (mama anayenunua samaki na kuwakaanga auze) hanipi bei. (Mvuvi, Kilifi)

Acha upenyo wa wima kwenye kona ya lema ili vitoto vitoke, upana sentimita 3, urefu 30. Tafi ni mwembamba. Ukizidisha upana, hata mkubwa atapita. Kaza kingo kwa waya, maana fito zikilegea upenyo hutanuka wenyewe. Siku za mwanzo utahesabu samaki wachache, kwa hiyo anza na malema mawili tu, ulinganishe pesa badala ya idadi.