Hiyo "ya muda" ni hadi lini?

Mhariri, salaam. Swali lenu la wiki hii, "Magereza yakijaa, je, meli iliyotia nanga inafaa kuwa jela ya muda?", limeninyima usingizi. Nimekula chumvi ya bahari miaka 22. Nitajibu zaidi kuhusu hilo neno "ya muda", kwa sababu ndilo lililonichoma.

Waingereza walishapita njia hii. Mwaka 1776 vita vya uhuru wa Marekani viliziba njia waliyokuwa wakipelekea wahalifu wao ng'ambo, na magereza yakafurika. Bunge likapitisha sheria ya miaka miwili tu: wafungwa wawekwe kwenye meli mtoni Thames, pale Woolwich, na mchana wachimbe mchanga wa mto wakiwa na minyororo miguuni. Zabuni akapewa mfanyabiashara Duncan Campbell, ambaye kabla ya vita alikuwa akisafirisha wafungwa kwenda Marekani. Meli yake moja iliitwa Justitia, yaani Haki. Kati ya watu 632 waliopandishwa humo mwanzoni, kabla hata miaka miwili haijaisha, 176 walikufa. Na ile sheria ya muda ikaongezwa, ikaongezwa tena, hadi 1857. Hesabuni wenyewe.

Mimi sijafungwa. Lakini nilikaa miezi minne kwenye meli ya mizigo iliyozuiwa nje ya bandari moja ya Ghuba kwa madeni ya mwenye meli. Pasipoti zetu alikuwa nazo wakala. Tuliambiwa siku tatu. Wiki ya pili jenereta ikawa inazimwa usiku ili dizeli isiishe, na hapo ndipo nilipoijua meli isiyotembea. Ikienda, upepo unaingia. Ikisimama, chuma kinakunywa jua mchana kutwa na kukutapikia usiku. Kuta za chumba changu zilitoka jasho. Nikiegemeza kiganja, maji yanatiririka hadi kwenye kiwiko. Tukahamishia magodoro sitahani. Mpishi wetu, mzee wa Lamu, alipima mchele kwa kikombe cha chai, kila mtu kimoja, akisawazisha juu kwa kidole ili asimdhulumu yeyote. Alfajiri adhana ilitufikia wazi, kama ninavyoisikia sasa nikiwa nyumbani Likoni. Mzee akishaswali hukaa ukingoni akihesabu magari ya barabara ya ufukweni. "Leo mia mbili na kumi, mwanangu," ananiambia. Siku moja nikamkuta amekaa palepale, nikamuuliza ni mangapi. Akasema hahesabu tena. Siku hiyo niliogopa kuliko dhoruba yoyote niliyopitia.

Na sisi milango ilikuwa wazi! Wale wa Woolwich jioni walishushwa chini, wakafungiwa kwa juu mpaka asubuhi, wagonjwa na wazima pamoja.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na jibu moja tu: hapana. Kisha jana nikamsomea jirani yangu swali lenu. Kijana wake yuko rumande, na humo wanalala kwa zamu, wengine wamesimama. Nikamuuliza, ungekubali ahamishiwe melini? Akajibu, "Hata leo." Sikuwa na la kumwambia.

Basi nasema ndiyo, shingo upande. Iwe meli yenye madirisha yanayofunguka, wafungwa washushwe nchi kavu kila siku, daktari awepo, na chakula kisiwe mikononi mwa mtu anayepata faida kwa kukipunguza. Tena tarehe ya mwisho ipakwe rangi ubavuni mwa meli, tarakimu kubwa, waione walio ndani na wapita njia. Uingereza hiyohiyo ilileta jela ya melini tena mwaka 1997, Weare, pale Portland, kwa sababu ileile ya msongamano, nayo ikakaa hadi 2005. Kwa hiyo tarehe ikisogezwa hata siku moja, Mhariri, nifutieni hiyo ndiyo yangu.

Baharia mstaafu, Likoni