Maswali ya Wasomaji: Kipokezi kipi kinaifaa kompyuta ya sebuleni?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeweka kompyuta ya mezani yenye Windows na programu ya Kodi chini ya televisheni, nayo ndiyo tunayotazamia filamu. Wazazi wangu hawataki kusumbuka na kipanya, hivyo natafuta kipokezi cha infraredi (mwanga usioonekana kwa macho unaotumwa na rimoti) ili watumie rimoti. Muuzaji wa Kariakoo amenionyesha aina tatu: kinachouzwa pamoja na rimoti yake, kilichotengenezewa Media Center (programu ya zamani ya Windows ya kutazamia filamu na televisheni), na kinachofundishwa rimoti yoyote, ambacho bei yake imechangamka. Nichukue kipi? — Msomaji, Sinza.

JIBU: Ndugu msomaji, kama mfuko unaruhusu, chukua kinachofundishwa. Kifaa cha namna hiyo, mfano Flirc, hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi ya kawaida, kwa hiyo Kodi huzipokea amri zake bila kuongezewa programu nyingine. Wakati wa kukifundisha unachagua amri kwenye skrini, kisha unakielekezea rimoti na kubonyeza kitufe unachokitaka. Mafunzo hayo hubaki ndani ya kifaa chenyewe, hata ukikihamishia kwenye kompyuta nyingine. Rimoti ya king'amuzi kilichokufa inatosha kabisa, ila usitumie ya king'amuzi ambacho bado kinafanya kazi hapo sebuleni, kwani vyote viwili vitatii.

Kile cha Media Center si kibaya, hasa kwa watumiaji wa Linux (mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows), lakini programu kilichotengenezewa haimo katika Windows 10 wala 11, na kubadilisha kazi za vitufe vyake kunahitaji uvumilivu.

Hicho cha kwanza ndicho kinachonitia shaka. Vingi vya aina hiyo huelewa rimoti yake tu, na siku rimoti ikipotea, kipokezi nacho hakina kazi. Tena, baadhi ya vinavyouzwa kwa sura hiyo hutumia mawimbi ya redio na si infraredi. Kabla ya kulipa, washa kamera ya mbele ya simu, ielekezee ncha ya rimoti na ubonyeze kitufe: ya infraredi huonyesha kitaa kikimetameta kwenye skrini ya simu, ingawa kwa macho huoni kitu.

Muulize pia muuzaji kama kipokezi kinaweza kuiamsha kompyuta iliyolala. Jibu lake halitoshi, kwa sababu sharti tundu la USB liendelee kupata umeme wakati kompyuta imelala, jambo ambalo hutegemea mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoamsha kompyuta kabla ya Windows), na Windows nayo iruhusu kifaa hicho kuiamsha.

Mwisho, usikichomeke nyuma ya kompyuta iliyofichwa kabatini. Tumia waya wa USB wa kurefushia ukilete mbele, mahali ambapo jua la dirishani halikipigi moja kwa moja, kwani jua nalo lina infraredi nyingi na hupunguza umbali ambao rimoti inasikika.